Pumu na madaktari wanaobadili kauli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya, Iringa na Njombe

Mimi ni tabibu. Nimekaa kliniki ya kifua hapa Mbeya miaka mingi, na pumu yenyewe ninayo tangu nikiwa mtoto Njombe, kwa hiyo meza ya daktari naijua kwa pande zote mbili. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwenye korido, kwenye daladala ya Uyole, hata msibani. Mengi yanazunguka jambo moja: mbona leo tunaambiwa hivi na jana tuliambiwa vile? Majibu haya hayachukui nafasi ya anayekupima, yanakusaidia tu kumuuliza vizuri.

Mwaka 2010 daktari aliniambia pampu ya bluu inatosha, nivute nikibanwa. Mwaka huu, daktari mwingine kaniambia bluu peke yake ni hatari. Nimwamini nani?

Mwamini wa mwaka huu, ila usimlaumu wa 2010. Alikuambia kilichokuwa kwenye mwongozo wa siku zile: mwenye pumu nyepesi apewe salbutamoli, yaani hiyo ya bluu, aitumie akibanwa tu. Mwongozo wa kimataifa wa pumu unaofuatwa na nchi nyingi, ule wa GINA, uliacha kushauri hivyo mwaka 2019. Tangu hapo msimamo ni kwamba mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe kwa bluu peke yake, hata kama pumu yake ni ya kubanwa mara mbili kwa mwezi.

Sababu iko ndani ya kifua. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Maji hayatoki kwa sababu mbili: kuna mtu ameukanyaga, na ndani umejaa tope. Kwenye pumu, kukanyagwa ni misuli inayozunguka njia za hewa kukaza. Tope ni utando wa ndani kuvimba na kujaa ute. Pampu ya bluu inamwondoa aliyekanyaga ndani ya dakika tano, unapumua, unasema nimepona. Tope liko palepale. Baada ya saa nne hadi sita dawa imeisha, na safari hii tope limeongezeka kidogo.

Dawa inayoondoa tope ni steroidi ya kuvuta. Kilichobadilika kwa madaktari, ukitaka kukisema kwa pumzi moja, ni kwamba zamani tulidhani pumu ni ugonjwa wa misuli inayokaza, sasa tunajua ni ugonjwa wa uvimbe unaofanya misuli ikaze.

Kabla ya pampu kuwepo, watu walitibiwa na nini?

Hapa naomba uvumilivu, maana napenda kulijibu swali hili kuliko mengine yote.

Walikunywa kahawa, kwanza. Henry Hyde Salter, daktari wa London aliyekuwa na pumu mwenyewe, aliandika kitabu mwaka 1860 akisifu kahawa kali kwa mtu aliyebanwa. Hakukosea sana: kafeini ni ndugu wa karibu wa teofilini, na teofilini iligunduliwa mwaka 1888 ndani ya majani ya chai. Kwa hiyo wazee wa Mbozi na kahawa yao, na wa Tukuyu na Mufindi na chai yao, walikuwa wamekaa juu ya dawa bila kujua. Usikimbilie birika lakini. Ili upate nguvu ya kutosha kwa mtu aliyebanwa kweli ungekunywa kahawa mpaka moyo ukuruke mdomoni.

Wengine walivuta moshi wa mnanaha, ule mmea wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, unaoota majalalani hata huku kwetu. Waingereza walijifunza India mwanzoni mwa karne ya 19, na sigara zake zikawa zinauzwa maduka ya dawa Ulaya hadi katikati ya karne iliyopita. Ndiyo, sigara za kutibu pumu. Mnanaha ni sumu, unaleta wazimu na unaua, usijaribu. Lakini kemikali iliyokuwa ikifanya kazi mle ndani iliwapeleka wanasayansi hadi kwenye ipratropiamu, dawa tunayoiweka leo kwenye mashine ya mvuke mgonjwa akija hoi.

Kisha zikaja sindano za adrenalini mwanzoni mwa miaka ya 1900, efedrini kutoka mmea wa Kichina miaka ya 1920, na aminofilini miaka ya 1930. Utoto wangu wote ni aminofilini. Kidonge kimoja usiku, mikono inatetemeka asubuhi mpaka daftari la hesabu linaonekana limeandikwa na kuku. Mwalimu alinichapa kwa mwandiko mbaya. Nilikuwa sijui kwamba ni dawa. Nadhani hata aliyenipa hakuwa amemwambia mama.

Na kuna sura moja ambayo madaktari hatupendi kuikumbuka. Kati ya miaka ya 1930 na 1950, kundi la wataalamu wa nafsi wa Chicago, wakiongozwa na Franz Alexander, liliweka pumu kwenye orodha ya magonjwa saba yanayotokana na hisia. Walisema ule mluzi wa kifuani ni kilio cha mtoto kilichozuiwa, anamlilia mama yake. Kule Denver, watoto wenye pumu kali waliwekwa kwenye makazi maalumu mbali na wazazi, na kutenganishwa huko kukaonwa kuwa sehemu ya tiba. Wengine walipata nafuu kweli. Ukiwaza kwamba waliachana pia na vumbi na paka wa nyumbani, si ajabu. Nadharia ile imekufa vitabuni, ila kwenye madarasa yetu bado inatembea: "Huyu anadeka, anaigiza ili asilime bustani ya shule."

Nasikia pampu zinaua. Kuna ukweli?

Aliyekuambia hakulitoa hewani, ila amekupa nusu yake.

Pampu ya kubonyeza ilianza Marekani. Mwaka 1955 binti wa miaka 13 wa George Maison, aliyekuwa anaongoza kampuni ya Riker, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isiwekwe kwenye kopo kama la kupulizia nywele. Mwaka uliofuata pampu zikawa sokoni. Watu waliokuwa wakingoja sindano usiku kucha sasa walikuwa na dawa mfukoni, na wakaitumia kama pipi.

Miaka ya 1960 vifo vya pumu vikapanda ghafla Uingereza, Australia na New Zealand, na vilivyoshtua zaidi ni vya watoto na vijana. Dawa iliyokuwemo kwenye pampu nyingi ilikuwa isoprenalini, inayopiga moyo sawasawa na inavyofungua kifua. Nchi hizo ziliuza pia pampu ya isoprenalini yenye nguvu mara tano ya ile ya kawaida. Marekani, ambako hiyo kali haikuuzwa, wimbi lile la vifo halikufika. Mwaka 1968 Uingereza ilizuia pampu hizo kuuzwa bila cheti cha daktari, maonyo yakatolewa, vifo vikashuka. Mwaka 1969 ikaingia salbutamoli, inayolenga mapafu zaidi na kuuacha moyo kwa kiasi, ndiyo bluu yako.

Hadithi haikuishia hapo. Kuanzia 1976 vifo vikapanda tena New Zealand. Mwaka 1989 watafiti wa hukohuko wakaonyesha uhusiano na pampu nyingine ya kufungua kifua, fenoteroli. Waligombana na wenzao kwelikweli. Dawa hiyo ilipobanwa, vifo vikaporomoka.

Madaktari wakagawanyika: je, dawa yenyewe inaua moyo, au inampa mgonjwa nafuu ya uongo akachelewa hospitali? Mimi ninavyoona kwa wagonjwa wangu, la pili ndilo linalotuua huku kwetu. Mtu wa Chimala anabanwa Ijumaa, anavuta bluu, analala. Jumamosi anavuta mara kumi. Jumapili anavuta mara thelathini na anasema inasaidia kidogo. Jumatatu analetwa kwenye bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, haongei. Dawa haikumuua. Ilimnyamazisha kwa siku tatu.

Upande wa pili wa ushahidi ni huu. Mwaka 2000 watafiti wa Canada walichapisha takwimu za jimbo la Saskatchewan: kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alikuwa ametumia katika mwaka, hatari ya kufa kwa pumu ilipungua kwa asilimia 21. Ufini iliendesha mpango wa taifa kuanzia 1994 hadi 2004, watu wakapewa steroidi ya kuvuta mapema, siku za kulazwa kwa ajili ya pumu zikapungua kwa zaidi ya nusu. Na Uingereza, mwaka 2014, walipochunguza vifo 195 vya pumu kimoja baada ya kingine, waligundua kwamba kati ya waliokuwa wakiandikiwa pampu ya kutuliza, kama hiyo ya bluu, na kumbukumbu zao zikapatikana, asilimia 39 waliandikiwa zaidi ya pampu 12 katika mwaka wao wa mwisho.

Basi pampu ngapi za bluu kwa mwaka ni nyingi?

Tatu. Ukinunua ya tatu kabla mwaka haujaisha, pumu yako haijadhibitiwa na hatari ya kubanwa vibaya imepanda. Kumi na mbili, yaani moja kila mwezi, ni hatari ya kufa. Hesabu hata ile uliyomwazima jirani.

Hiyo pampu mpya ya mbili kwa moja ni ipi? Na kama sina hela yake?

Ina budesonaidi, ambayo ni steroidi, pamoja na formoteroli, inayofungua kifua haraka karibu kama bluu lakini inadumu hadi saa 12. Kila unapovuta ili upumue, unavuta na dawa ya tope papo hapo. Ujanja wake uko hapo: haikutegemei wewe ukumbuke kutumia steroidi siku ambazo unajisikia mzima, kwa sababu hakuna binadamu anayekumbuka. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watu wenye pumu nyepesi walioitumia wakibanwa tu walipata mashambulizi makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua kifua peke yake. Mtu mzima asizidishe mivuto 12 kwa siku, na akifika karibu na hapo asingoje kesho, aende hospitali.

Angalia neno formoteroli kwenye boksi. Ziko pampu nyingine za mbili kwa moja zenye salmeteroli. Hizo ni za kuvuta asubuhi na jioni tu, haziokoi mtu aliyebanwa kwa sababu zinachelewa kuanza.

Sasa hela. Najua bei, na najua kwamba ukienda dirishani mara nyingi unaambiwa "hiyo kanunue nje". Mpango wa pili ni mzuri vilevile ukiufuata: pampu ya steroidi peke yake, kwa mfano beklometasoni, kila siku asubuhi na jioni, na bluu ya kuokolea. Huwezi kabisa kutumia kila siku? Basi angalau kila unapovuta bluu vuta na ya steroidi hapohapo. Mwongozo unalitambua hilo. Usichofanya ni kubaki na bluu tupu kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Kulazwa siku nne ni ghali kuliko pampu zote nilizozitaja.

Steroidi si ndiyo zile zinazonenepesha uso na kudumaza watoto?

Uoga huu una msingi. Steroidi za vidonge zilianza kutumika kwenye pumu miaka ya 1950 na ziliokoa watu, lakini waliozimeza miezi na miaka walivimba uso, mifupa ikalegea, sukari ikapanda. Ndiyo maana mwaka 1972, ilipotoka steroidi ya kuvuta, madaktari walishangilia: dawa ya aina ileile inapelekwa mahali penye ugonjwa kwa vipimo vya maikrogramu, badala ya miligramu zinazozunguka mwili mzima.

Kwa watoto, ukweli wote ni huu. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto mpaka wakawa watu wazima, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta waliotumia budesonaidi utotoni walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2. Sentimita moja na pointi mbili, chini ya upana wa kidole changu cha mwisho. Mtoto asiyelala usiku kwa kukohoa naye hakui vizuri, na hakuna anayempima huyo.

Sukutua maji kooni uteme baada ya kuvuta, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Na ukipewa prednisoloni ya vidonge kwa siku tano hadi saba baada ya kubanwa vibaya, imeze yote. Ila ukijikuta unapewa mara tatu nne kwa mwaka, sema. Hiyo si tiba tena, ni dalili kwamba ile ya kuvuta haijakaa sawa.

Vidonge vya salbutamoli na aminofilini bado vinafaa? Ni bei rahisi.

Vinauzwa, lakini vimepitwa. Vinazunguka mwili mzima, vinatetemesha mikono, moyo unadunda, na aminofilini ikizidi kidogo tu ni hatari. Mzee anayevimeza tangu zamani asiache ghafla kwa kusoma hapa, aje tuhamishe taratibu.

Nimetibiwa TB mara mbili, makohozi hayakuonyesha kitu, na bado nakohoa. Inawezekana ni pumu?

Inawezekana sana, na inaniuma kila nikiiona. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi nchini kwetu lazima kipimwe TB, hilo sahihi na liendelee hivyo. Kosa ni kudhani kwamba kipimo kikikosa TB basi hakuna swali jingine la kuuliza. Mimi mwenyewe, na pumu yangu iliyoandikwa kwenye faili, niliwahi kuandikiwa antibiotiki mara tano ndani ya mwaka mmoja kwenye kituo ambacho sitakitaja. Kila mara "nimonia". Kila mara bila mtu kuweka stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua, mgongoni.

Pumu ina tabia zake: inakuja na kuondoka, inazidi usiku na alfajiri, kifua kinapiga mluzi, inaamshwa na baridi, moshi, vumbi, mafua au kucheka. TB haiji na kuondoka; inakukondesha, inaleta homa na jasho la usiku. Kipimo rahisi kipo. Ni bomba dogo la plastiki unalolipulizia kwa nguvu, lina mshale unaosoma namba. Unapuliza, unavuta salbutamoli, unangoja dakika kumi hadi kumi na tano, unapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, tumepata mwelekeo mzuri wa pumu. Uliza kama kituo chako kinacho. Kama hawana, waombe wakupe rufaa kwenda hospitali yenye mashine kubwa ya kupima pumzi, hata kama itabidi upande gari hadi mjini Mbeya au Iringa.

Baridi ya Juni inanimaliza. Nihamie Kyela?

Kipupwe cha huku si cha mchezo. Kule Kitulo na Makete asubuhi unakuta sakitu juu ya majani, na hewa ile kavu ikipita kwenye njia ya hewa iliyokwisha kuvimba, inabana. Lakini baridi haifanyi kazi peke yake. Juni ndiyo tunafunga madirisha, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafukua blanketi lililokaa kwenye sanduku tangu mwaka jana, na mafua yanapita nyumba hadi nyumba. Kati ya yote hayo, hewa ya baridi ndiyo pekee usiyoweza kuibadili.

Jambo la kuchekesha ni kwamba madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwapeleka wagonjwa wa pumu juu milimani, Davos kule Uswisi, wapate nafuu. Na walipata, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu na utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana wanaoishi kwenye magodoro, hauwezi kuishi. Sisi wa milimani tunataka kushuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa! Ila mlima wa Davos si mlima wa Tukuyu, ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima na godoro halikauki likakaukika. Na Kyela kuna joto, lakini kuna unyevu na vumbi la mpunga. Nimeona watu waliohama wakapona na waliohama wakarudi. Kabla hujauza shamba, tumia steroidi ya kuvuta kila siku kwa miezi mitatu, anza Aprili kabla baridi haijaingia, zungusha skafu puani asubuhi, anika blanketi juani. Wengi hawahami tena.

Na moshi? Na kazi yangu?

Jiko la mkaa litoke ndani, hata kama ni la kuota moto. Ukipikia kuni, jiko la nje au lenye bomba la kutolea moshi. Anayevuta sigara avutie mbali na nyumba.

Kazi ndiyo tunaisahau kuuliza. Mafinga ni mji wa mbao, na vumbi la mbao linaweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Hali kadhalika vumbi la unga kwenye mashine ya kusaga na kwenye mikate, na maua makavu ya pareto. Dalili ni kwamba Jumapili na wakati wa likizo unapumua vizuri, Jumatatu jioni kifua kimeanza. Mwambie daktari hivyohivyo. Kwa pumu ya namna hii, kuondoka mapema kwenye vumbi kunashinda dawa.

Kwa nini siku hizi wananipa pampu na chupa ya maji badala ya mashine ya mvuke?

Kwa sababu inafanya kazi sawa kwa wengi, na haitaki umeme. Ukivuta pampu moja kwa moja mdomoni bila kujua, dawa nyingi inagonga koo na kubaki hapo. Chombo cha kati, spesa, kinaipa dawa nafasi ya kutulia ili uivute polepole. Za dukani ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ya soda au maji, inafanya kazi hiyo vizuri kwa watoto waliobanwa.

Tunaitengeneza hivi kliniki. Waya unakunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, unapashwa moto, unatoboa kitako cha chupa ili pampu iingie kwa kubana, hewa isipite pembeni. Kingo zikipoa unazilainisha. Unaiosha kwa maji ya sabuni, unaiacha ijikaushe bila kuifuta kwa kitambaa, kisha unapuliza mivuto kadhaa ndani yake kabla ya kuanza, ili dawa isinase kwenye plastiki. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, pumua taratibu mara tano. Ndipo ubonyeze tena. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji kifuniko cha uso.

Wagonjwa hawaiheshimu chupa. Bibi mmoja wa Mwanjelwa aliniambia, "Mwanangu, nimetoka nyumbani na nauli yangu unipe chupa ya Fanta?" Nikamwomba avute nayo kwanza, tukakaa kimya robo saa, mluzi ukapungua. Aliondoka nayo, ameifunga kwenye kanga.

Mtoto wangu asicheze mpira?

Acheze. Ushauri wa kumkalisha mtoto chini ya mti wakati wenzake wanakimbia ni wa zamani. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Mtoto apashe mwili joto kwanza, pampu iwe kwa mwalimu na si ofisini kwenye kabati lililofungwa, na kama anabanwa kila akikimbia, dawa yake ya kila siku haitoshi.

Nina mimba. Niache pampu?

Usiache. Mtoto tumboni anapumua kwa pumzi yako. Pumu iliyobana ni hatari kwake kuliko dawa za kuvuta, ambazo zimetumika kwa wajawazito miaka mingi. Mwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba una pumu, aiandike kwenye kadi.

Nikibanwa usiku na gari hakuna, nifanye nini?

Kaa wima, usilale. Mtu mzima avute bluu mivuto minne hadi kumi kupitia chupa, mmoja mmoja, na arudie kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Wakati huohuo mtu atafute usafiri, msingoje kuona. Kama huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, au umeanza kusinzia, hiyo ni dharura hata kama mluzi umenyamaza. Kifua kinachonyamaza ghafla kwa mtu aliyechoka kinatutisha kuliko chenye kelele, maana hewa haipiti tena.

Ushauri huu utabadilika tena?

Nategemea hivyo. Tayari ziko sindano zinazozuia kemikali fulani za mwili kwa wenye pumu kali. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, na zimefuata nyingine, kwa bei ambayo kwa sasa si ya mkulima wa viazi. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu pampu moja yenye salbutamoli na steroidi pamoja, yaani bluu iliyowekewa dawa ya tope ndani yake. Siku daktari akikuambia jambo jipya, muulize tu: "Zamani mlinishauri vile, kimegundulika nini?" Mwenye kujua atakujibu kwa dakika mbili.

Nitajuaje pampu imeisha? Mimi huwa naidumbukiza kwenye ndoo, ikielea imeisha.

Acha ndoo. Maji yanaingia kwenye tundu, na kuelea hakukuambii kitu, kwa sababu gesi inabaki baada ya dawa kuisha. Bado itapuliza, itatoa sauti, na utakuwa unavuta hewa tupu. Pampu nyingi za bluu zina mivuto 200. Kama yako haina kihesabio, bandika kipande cha plasta juu yake, andika tarehe uliyoifungua, na uweke kistari kila unapoitumia. Ya kwangu ina vistari kumi na viwili tangu Machi. Ile ya Machi ya mwaka jana ilijaa plasta mbili.